Kiti Chako Kiko Wazi: Pesa, Ziwa na Usalama wa Kisumu

(Haya ni maneno ya mazungumzo na vijana. Tumeyaandika kwa ajili yako ambaye hukuweza kufika.)



Vijana wenzangu, ndugu na dada. Leo sitapandisha sauti. Nataka tukae tu, tuongee, kama tunavyokaa barazani baada ya Isha.

Wacha nianze na kitu nilichokiona kwa macho yangu. Niliwahi kwenda kwenye mkutano wa wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti ya kaunti. Sitataja wadi wala afisa, maana shida haikuwa ya mtu mmoja. Ukumbi ulikuwa na viti vya plastiki, labda mia. Waliokaa hawakufika thelathini. Wengi walikuwa wazee. Orodha ya miradi ikasomwa haraka haraka: taa, mtaro, miche ya miti, basari, lango la soko. Afisa akauliza, "Kuna maoni?" Kimya. Halafu mama mmoja, muuza omena, akainua mkono. Akasema, "Huu mtaro wa kwetu mwaka jana pia mliusoma hivi hivi. Mbona maji bado yanaingia nyumbani kwangu?"

Basi. Hilo ndilo swali pekee lililoulizwa siku ile. Jibu alilopewa halikuwa la maana, lakini swali lake liliandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma, simu mkononi, na sikuwa na la kuuliza kwa sababu sikuwa nimesoma chochote. Aibu ile ndiyo iliyonileta mbele yako leo.

Sasa sikiliza. Sisi tumezoea kuyatenganisha haya mambo. Pesa za maendeleo tunaona ni mambo ya wanasiasa. Ziwa na mazingira tunaona ni mambo ya wazungu na mashirika. Usalama tunasema ni kazi ya polisi. Lakini fungua Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 uone kaunti imepewa kazi gani. Taa za barabarani zimo. Kuzoa taka na kusimamia majaa zimo. Mitaro ya maji ya mvua mjini imo. Zimamoto na kukabiliana na majanga zimo. Uvuvi umo. Kutekeleza sera za kuhifadhi udongo, maji na misitu kumo. Yote haya yanapangwa kwenye kitabu kimoja cha bajeti na kupitishwa na bunge moja la kaunti, lile lenye wawakilishi wa wadi zetu 35.

Pesa yenyewe ni kiasi gani? Katika mwaka wa fedha 2022/23, mgao sawia wa Kisumu kutoka Nairobi ulikuwa takriban shilingi bilioni 8. Sensa ya 2019 ilituhesabu watu 1,155,574. Piga hesabu kwa simu yako: ni karibu shilingi 7,000 kwa kila mtu, hata mtoto aliyezaliwa jana. Hapo hatujaongeza ada za soko, maegesho na leseni zinazokusanywa hapa hapa. Ukimkopesha rafiki yako elfu saba, utamuuliza imeenda wapi. Utamuuliza hata kabla mwezi haujaisha.

Chukua mfano wa mto Auji. Wanaoishi Manyatta na Nyalenda wanaujua. Mvua ikinyesha, ule mto unabeba kila kitu: chupa, matope, maji ya vyoo. Mtaro ukiziba, maji yanaingia majumbani. Yasipoingia majumbani yanateremka mpaka kinamasi cha Dunga. Pale Dunga kuna mafunjo, yale matete marefu ambayo wengine tunayaona kama pori la kukatwa tu. Lakini mafunjo ndiyo kichujio cha ziwa. Yanashika matope, yanapunguza uchafu, na samaki wanazalia humo. Kuna ndege wanaoishi kwenye mafunjo tu, na ndiyo maana Dunga inatambuliwa kimataifa kama eneo muhimu la ndege. Yumo pia nzohe, yule swala wa kinamasi.

Tukikata mafunjo na kujaza udongo ili tujenge, uchafu unaingia ziwani moja kwa moja. Uchafu huo ni mbolea ya gugu maji. Tangu miaka ya 1990 ghuba yetu ya Winam imekuwa ikifunikwa na kufunuliwa na hilo gugu. Likifunika, mashua haitoki. Mashua isipotoka, hakuna ngege wala mbuta, na yule mama wa omena hana cha kuuza sokoni Kibuye. Halafu mwaka 2020 ziwa likapanda kupita kawaida. Fuo zikamezwa na watu wakahama makwao. Ardhi ya kinamasi inayoweza kubeba maji ya ziada ndiyo hiyo tunayoijaza udongo.

Umeona? Mtaro mmoja uliozibwa ni pesa, ni mazingira, na ni usalama wa mtoto aliyelala chini kwenye godoro. Aliyekaa kwenye ule ukumbi wa viti vya plastiki amegusa yote matatu kwa swali moja.

Sasa najua unachofikiria. Unasema, "Kaka, sisi Waislamu Kisumu ni wachache. Nani atatusikiliza?" Ni kweli, ni wachache. Siku ya kura idadi yetu ni ndogo. Lakini hebu rudi kwenye ule ukumbi. Watu thelathini. Kama vijana kumi kutoka Kaloleni, Kondele au Kibos wangeingia na karatasi waliyoiandaa, wangekuwa robo ya mkutano. Na kwa sababu wengine hawakusoma, wangekuwa ndio mkutano wenyewe. Kwenye chumba kitupu, wachache waliojiandaa si wachache.

Na usipokuja, kimya chako hakipotei bure. Kinaandikwa. Kinaandikwa hivi: "Wananchi walishirikishwa, hapakuwa na pingamizi."

Najua na pingamizi la pili: "Hii mikutano ni maonyesho tu. Wameshaamua." Mara nyingine ndivyo ilivyo, sitakudanganya. Lakini kuna kesi moja ambayo nataka kila mmoja wenu aijue. Kaunti ya Kiambu ilipitisha Sheria yake ya Fedha ya 2013. Wananchi wakaenda Mahakama Kuu wakasema hawakushirikishwa ipasavyo. Mwezi Aprili 2014, Jaji George Odunga aliifuta ile sheria yote. Alisema kuwakusanya watu wachache kwenye hoteli ya kifahari kwa siku moja si kushirikisha umma. Alisema haitoshi kutupa tangazo mtandaoni ukawaacha wenye hamu walitafute wenyewe. Tangazo lipelekwe mahali watu wanapokusanyika, na akataja mahali hapo: makanisa, misikiti, mahekalu, mabaraza, na redio za lugha zetu.

Misikiti, ndugu yangu. Jaji aliutaja msikiti. Kwa hiyo mkutano wa bajeti ukifanyika na ubao wa msikiti wenu hauna tangazo, hiyo si bahati mbaya ya kunyamaziwa. Ni jambo la kuandikia barua. Imamu na kamati wanaweza kumwandikia karani wa bunge la kaunti na kumwambia: anwani yetu ni hii, ubao wetu uko hapa, tunaomba kila tangazo la maoni ya umma litufikie. Barua ya ukurasa mmoja. Weka nakala, igongwe muhuri wa kupokelewa.

Pia yale unayoyaandika na kuyawasilisha hayapotei. Hata wakiyapuuza, nakala yenye muhuri ni ushahidi. Wale wa Kiambu hawakushinda kwa kelele. Walishinda kwa sababu mahakama ilipima kilichofanyika na kilichoachwa.

Juni 2024 mlinishangaza, nyinyi vijana wa nchi hii. Mlisoma mswada wa fedha kifungu kwa kifungu, mkautafsiri kwa lugha za nyumbani, mkaeleza mpaka bibi zenu wakaelewa. Mswada ukaondolewa. Wengine walilipa kwa maisha yao, Mungu awarehemu. Lakini ngoja nikuulize: unajua kwamba kaunti nayo inakuwa na mswada wake wa fedha kila mwaka? Humo ndimo ada ya kibanda cha mama yako na ada ya maegesho inamopangwa. Ulisoma ule wa Nairobi. Wa hapa je?

Basi tuje kwenye kalenda, maana anayekuja baada ya bajeti kupita ni kama anayekuja msibani baada ya maziko. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Kufikia tarehe 1 Septemba, mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata unawasilishwa bungeni. Hapo ndipo mradi unazaliwa. Kama mtaro wenu haumo humo, usitegemee kuuona mbele. Kufikia tarehe 28 Februari unakuja mkakati wa fedha, unaosema kila idara itapata kiasi gani. Kufikia tarehe 30 Aprili makadirio ya bajeti yanafika bungeni. Mwisho wa Juni yanapitishwa. Wengi wetu huamka Juni. Amka Agosti.

Na kuna kitabu kikubwa zaidi, mpango wa maendeleo wa kaunti wa miaka mitano, wa 2023 hadi 2027. Mradi wenu uutafute humo kwanza. Ukiukuta, una nguvu ya kusema: mliahidi wenyewe, ukurasa huu hapa.

Ukihitaji karatasi na ukazungushwa? Kuna Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016. Unaandika ombi, huhitaji kueleza sababu, na ofisi ya umma inatakiwa ikujibu ndani ya siku 21. Ikiwa habari hiyo inahusu maisha au uhuru wa mtu, ni saa 48. Wakikaa kimya, unakwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoiita Ombudsman. Pia Msimamizi wa Bajeti huko Nairobi hutoa ripoti ya kila robo mwaka kuhusu kila kaunti: kiasi gani kilitumika kwa mishahara, kiasi gani kwa maendeleo. Sheria ya fedha za umma inataka angalau asilimia 30 ya bajeti itengewe maendeleo. Ripoti iko wazi. Isome, uone kilichotengwa na kilichotumika kweli. Mara nyingi hizo namba mbili haziko sawa.

Kuhusu ziwa, Katiba imekupa silaha ambayo wengi hawaijui. Kifungu cha 42 kinakupa haki ya mazingira safi. Kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda mahakamani haki hiyo ikivunjwa au ikitishiwa, na huna haja ya kuthibitisha kwamba wewe mwenyewe umepata hasara. Huhitaji kuwa mwenye shamba Dunga ndipo uulize kinamasi kinajazwa kwa idhini ya nani. Lakini kabla ya mahakama, uliza swali la kawaida mkutanoni: huu ujenzi ulifanyiwa tathmini ya mazingira? Ripoti iko wapi? Na usiwasahau wavuvi. Kila ufuo una kikundi chake cha usimamizi, kile wanachokiita BMU. Wao wanajua samaki wanazalia wapi kuliko mimi na wewe. Nenda kawasikilize kabla hujaandika.

Tena tuwe na insafu. Kuhifadhi kusiwe fimbo ya kumpiga maskini. Wakati wa ukarabati wa bandari, vibanda vya samaki vya Lwang'ni vilibomolewa, na watu waliokuwa wakipika pale walipoteza riziki. Tukisema tunataka ufuo safi, tuseme pia wanaoishi kwa ufuo huo wanapelekwa wapi, lini, na kwa bajeti gani. Vivyo hivyo jaa la Kachok, pale karibu na Uwanja wa Moi. Tulifurahi kusikia linaondolewa. Lakini taka haziyeyuki. Zinakwenda kwa mtu mwingine. Ukiuliza "taka ziondolewe", ongeza hapo hapo: "zinapelekwa kwa nani, na huyo mtu aliulizwa?"

Sasa usalama. Hapa nitasema polepole, kwa sababu ni kidonda.

Kisumu inajua maana ya usalama unaokugeukia. Agosti 2017, baada ya uchaguzi, mtoto wa miezi sita alipigwa ndani ya nyumba yao Nyalenda wakati wa operesheni ya polisi, akafa. Kenya nzima ilimjua kwa jina la Baby Pendo. Mwaka 2019 uchunguzi wa mahakama hapa Kisumu uliwabebesha polisi lawama. Nasi vijana wa Kiislamu tunaujua ule woga mwingine, wa kusimamishwa kwa sababu ya kanzu au jina lako kwenye kitambulisho. Ndiyo maana neno "usalama" likitajwa wengi wetu tunanyamaza, tunaondoka.

Lakini tukiondoka, wanaobaki wanaamua usalama ni nini. Polisi ni wa serikali ya kitaifa, kaunti haiwaamuru. Hata hivyo Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, kifungu cha 41, inataka kila kaunti iwe na Mamlaka ya Polisi ya Kaunti. Mwenyekiti ni gavana au waziri wa kaunti aliyemteua. Wakuu wa polisi wa kaunti wanakaa humo. Na gavana anateua wananchi angalau sita, kuwakilisha wafanyabiashara, mashirika ya kijamii, wanawake, watu wenye mahitaji maalumu, mashirika ya dini, na vijana. Vijana wametajwa. Mashirika ya dini yametajwa. Kazi yake ni kupendekeza vipaumbele vya usalama, kufuatilia mwenendo wa uhalifu, kuendeleza polisi jamii, na kupima utendaji.

Kwa hiyo swali lenu kwa ofisi ya gavana ni fupi, na linaandikika kwenye nusu ukurasa. Kwetu Kisumu hiyo mamlaka imeundwa? Inakutana lini? Nani amekaa kiti cha vijana, na aliteuliwa vipi? Nani amekaa kiti cha mashirika ya dini? Andika, hesabu siku 21.

Na usalama si polisi peke yake. Dada yetu anayetoka kazini usiku anahitaji taa. Mzee anayekwenda Alfajiri anahitaji mtaro uliofunikwa asitumbukie. Soko linahitaji njia ambayo gari la zimamoto linaweza kupita. Hayo ni ya kaunti kabisa, hakuna wa kusingizia Nairobi.

Jambo moja nisisitize. Tukienda, tusiende kuomba vya msikiti peke yake. Tukisimama tukaomba taa ya mlango wa msikiti tu, tutaonekana kama wengine wote wanaovuta upande wao. Omba taa za barabara nzima, kuanzia msikiti kupita kanisani mpaka stejini pa bodaboda. Mtaro hauulizi dini ya mtu. Jirani yako Mjaluo, Mluhya, Mnubi, Mhindi, wote maji yao ni yale yale. Mkiandika pamoja, barua ina uzito mara kumi.

Basi kazi ya mwezi huu, kabla hatujakutana tena. Jikusanyeni watano watano kwa mtaa. Mmoja apige picha ya mitaro na taa, aandike mahali na tarehe. Mmoja atafute mpango wa maendeleo wa mwaka na aangalie wadi yenu imeandikiwa nini. Mmoja aende akaongee na akina mama wa soko na wavuvi. Mmoja aandike ukurasa mmoja kwa Kiswahili safi: shida, mahali, tunachoomba, na ahadi ya zamani kama ipo. Wa tano aupeleke kwa mwakilishi wa wadi na kwa karani wa bunge, arudi na nakala yenye muhuri. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inakupa haki ya kuwasilisha maombi, na inawataka wajibu bila kuchelewa. Mwakilishi wa wadi msalimie kwa heshima. Si adui. Mwambie tu mtarudi.

Na kwenye mkutano ujao, mkaketi mbele. Mkimwona yule mama wa omena ameinua mkono, msimwache peke yake. Mmoja wenu asimame baada yake aseme: "Swali lake ni letu pia, na picha za mtaro hizi hapa."